Polisi Waliokataa Kuondoka

Wasichana wanawahimiza polisi waende kupambana na maharamia. Wanawaimbia kwa sauti tamu kwamba wanakwenda kuuawa, hilo halina ubishi, ila wasihofu, maana kifo chao kitakuwa cha kishujaa na machozi yatamwagwa juu ya makaburi yao. Polisi, badala ya kutiwa moyo, wanazidi kutetemeka. Wanaitikia kwamba wanaondoka, naam, wanaondoka sasa hivi, wanarudia na kurudia, na hakuna anayeinua mguu. Meja Jenerali, baba wa wasichana, anachoka kuvumilia na kulalamika kwamba bado anawaona palepale. Wimbo unaendelea.

Anayewaongoza polisi hao ni sajenti mrefu, mwembamba, mwenye uso wa huzuni, ambaye viungo vyake havionekani kuwa na mfupa hata mmoja. Magoti yanakwenda huku, kiuno kinakwenda kule, mikono inafuata baadaye kwa wakati wake yenyewe. Anacheza kama pweza aliyekwisha kupigwa mwambani akalainika. Jina la mwigizaji huyo ni Tony Azito. Katika majira ya joto ya mwaka 1980 alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 32. Alicheza nje, chini ya anga, katika ukumbi wa Delacorte uliomo ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, na watazamaji waliomcheka hawakuwa wamelipa hata senti moja. Alifariki Mei 1995, akiwa na miaka 46, kwa maradhi ya UKIMWI.

Mkanda uliorekodi onyesho hilo upo. Ni video ya zama zile: picha zake hazina ung'avu, sauti inapanda na kushuka, na mtu aliyezoea filamu za leo huenda akauzima kabla ya dakika kumi kwisha. Nadhani atakuwa amekosea.

Onyesho lenyewe linaitwa The Pirates of Penzance, na lilikuwa limetimiza miaka mia moja. Watunzi wake walikuwa Waingereza wawili, W. S. Gilbert aliyeandika maneno na Arthur Sullivan aliyetunga muziki. Hadithi yake ni ya kipuuzi kwa makusudi. Kijana Frederic amelelewa na maharamia kwa sababu yaya wake, Ruth, ambaye masikio yake hayasikii vizuri, aliagizwa ampeleke akajifunze urubani wa meli, naye akampeleka kwa wanyang'anyi wa baharini. Mkataba unasema atawatumikia hadi siku ya kuzaliwa kwake ya ishirini na moja. Lakini Frederic alizaliwa tarehe 29 Februari, siku ambayo hufika mara moja kila miaka minne, kwa hiyo kwa hesabu ya mkataba bado ni mtoto mdogo na utumwa wake una miongo mingi mbele. Maharamia nao wana moyo laini: hawamgusi yatima. Habari hiyo imesambaa, na sasa kila wanayemkamata anajitangaza kuwa yatima.

Sababu ya onyesho hilo la Kiingereza kuzinduliwa New York, tarehe 31 Desemba 1879, badala ya London, inafaa kuwachekesha wanasheria. Sheria ya Marekani wakati ule haikulinda hakimiliki ya wageni. Kazi ya Gilbert na Sullivan iliyotangulia, H.M.S. Pinafore, ilikuwa imechukuliwa na makampuni chungu nzima ya Kimarekani yaliyoionyesha kila upande bila kuwalipa wenyewe kitu. Safari hii watunzi waliamua kuvuka bahari na kuizindua kazi yao mpya huko huko waliko wezi, kabla hawajaipata. Siku iliyotangulia, kikosi kidogo kiliisoma haraka haraka katika mji wa Paignton, Uingereza, ili haki ya huko nayo isipotee. Sullivan alifika New York akagundua kwamba ameyaacha nyumbani maandishi ya muziki wa sehemu ya kwanza, ikambidi auandike upya kutoka kichwani. Basi kazi inayowacheka maharamia ilizaliwa kwa kuwakimbia maharamia, tena nusu yake kwa nguvu ya kumbukumbu tu.

Aliyeifufua mwaka 1980 ni Joseph Papp, na bila kumjua mtu huyu huwezi kuuelewa mkanda. Papp alizaliwa Brooklyn mwaka 1921, mtoto wa wahamiaji maskini, na maisha yake yote aliamini kwamba sanaa ya jukwaani ni haki ya mtu kama maji ya bomba na vitabu vya maktaba. Katika miaka ya 1950 alianza kuonyesha Shakespeare bure katika bustani za jiji. Mwaka 1959 Robert Moses, aliyekuwa na mamlaka juu ya bustani za New York na ambaye mameya wenyewe walimwogopa, alimtaka aanze kutoza kiingilio. Hoja yake ilikuwa nyasi: watazamaji wanazikanyaga, na lazima mtu alipie kuzipanda upya. Papp alikataa, akaenda mahakamani, akashinda katika rufaa. Miaka mitatu baadaye, Juni 1962, jiji lenyewe lilikuwa limemjengea ukumbi wa wazi uliopewa jina la mchapishaji tajiri George Delacorte, aliyechangia ujenzi. Onyesho la kwanza lilikuwa The Merchant of Venice. Mwana wa mfalme wa Morocco aliigizwa na kijana mmoja mwenye sauti nzito aitwaye James Earl Jones, ambaye miaka zaidi ya 30 baadaye dunia ingemsikia akiwa Mufasa katika filamu ya The Lion King.

Delacorte ina viti kama 1,800 vilivyopangwa kwa nusu duara, na haina paa. Nyuma ya jukwaa kuna kidimbwi, na juu ya mwamba kuna ngome ndogo ya mawe iitwayo Belvedere. Maonyesho huanza saa mbili usiku, wakati mwanga wa jua la kiangazi bado haujaisha, kwa hiyo sehemu ya kwanza huchezwa jioni na ya pili huchezwa gizani. Helikopta hupita. Mvua hunyesha na kusimamisha kila kitu. Rakuni, mnyama mdogo mwenye kinyago usoni, hukatiza jukwaani bila kujali ni nani anakufa kwa upanga. Tiketi hazina bei, ila zina foleni, na watu huja na mikeka na chakula wakapanga mstari tangu alfajiri.

Hapo ndipo Papp na mwongozaji wake Wilford Leach walipowapeleka maharamia mnamo Julai 1980. Fedha za kuthubutu walikuwa nazo kwa sababu ya A Chorus Line, onyesho lililoanzia katika jumba la Papp la Public Theater mwaka 1975, likahamia Broadway na kuwa kisima kilicholisha miradi yake mingine kwa miaka 15. Kazi za Gilbert na Sullivan zilikuwa zimetekwa na mapokeo: kila ishara ya mkono ilirithiwa kutoka kwa waigizaji wa enzi za Malkia Victoria. Leach aliyatupa yote hayo. Mpangaji wa muziki William Elliott aliondoa fidla akaweka vinanda vya umeme na ngoma. Graciela Daniele, mzaliwa wa Argentina, alitunga dansi. Na mabinti wa Meja Jenerali waliongozwa na Linda Ronstadt, malkia wa muziki wa roki ambaye albamu zake ziliuzwa kwa mamilioni, na ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika tamthilia ya jukwaani. Wajuzi walikunja nyuso. Kisha wakamsikia akipanda kwenye noti za juu kabisa za Mabel, binti aliyemwigiza, bila kutetereka.

Kevin Kline akiwa mfalme wa maharamia alirukaruka na kuanguka kwa ufundi uliomfanya nyota. Rex Smith alikuwa Frederic. Mafanikio yakawa makubwa kiasi kwamba Januari 1981 onyesho lilihamia Broadway, yaani katika majumba makubwa ya kulipia yanayozunguka Times Square, na huko lilichezwa mara 787 hadi Novemba 1982. Hayo yanajulikana na yameandikwa sana. Mimi nataka kurudi kwa wale ambao hawawezi tena kuhojiwa.

Nianze na George Rose, Meja Jenerali. Alizaliwa Bicester, Uingereza, mwaka 1920, kwa hiyo katika mkanda ana miaka 60. Wimbo wake maarufu ni orodha ndefu ya elimu isiyo na faida kwa mwanajeshi, na huimbwa kwa mwendo unaoweza kuuvunja ulimi wa kijana. Rose anaupita kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni, macho yakiwa yameshangaa kidogo, kana kwamba hata yeye hakutarajia kujua yote hayo. Hiyo ndiyo siri yake, na ndiyo inayowashinda wengi waliomfuata: wao huonyesha jinsi kazi ilivyo ngumu.

Rose ana historia ya ajabu na kamera. Mwaka 1964 alikuwa mchimba kaburi wa kwanza katika Hamlet iliyochezwa Broadway na Richard Burton chini ya uongozi wa John Gielgud. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa mtambo mpya uliokuwa ukiitwa Electronovision, likaonyeshwa katika majumba ya sinema kwa siku mbili tu, na mkataba ukataka nakala zote ziteketezwe. Burton alipokwisha kufariki mwaka 1984, nakala ilikutwa katika gereji yake. Kwa hiyo leo tunaweza kumwona Rose akichimba kaburi na kutania mafuvu kwa sababu tu nyota mmoja mlevi hakutii agizo la kuharibu. Mwaka 1976 alitunukiwa Tony, tuzo kuu ya Broadway, kwa My Fair Lady. Mwaka 1986 akaipata tena kwa The Mystery of Edwin Drood, ambayo nayo ilikuwa imeanzia Delacorte, nayo chini ya mkono wa Leach. Mei 1988 aliuawa katika Jamhuri ya Dominika, alikokuwa na nyumba. Mwezi uliofuata, Juni 1988, Leach naye akafariki, hajafikisha miaka 60. Papp alifuata Oktoba 1991, kwa saratani. Katika muda wa miaka mitatu na ushei, mwenye nyumba, mwongozaji na Meja Jenerali wote walikuwa wameondoka.

Azito alikuwa bado yupo. Alikuwa mtoto wa New York, jina lake la kuzaliwa Antonio Zito, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kundi la kwanza kabisa la idara ya maigizo ya shule ya Juilliard. Mwaka 1977 alicheza Broadway katika Happy End, pamoja na Meryl Streep na Christopher Lloyd kabla majina yao hayajavuma. Umbo lake lilimfungia milango mingi. Hakuna mtu anayemtafuta mwanamume mwenye urefu ule na mifupa ile ya uso kuwa mpenzi katika filamu. Lakini katika nafasi ya sajenti mwoga, umbo lile lile likawa chombo cha muziki. Kuna wimbo mwingine katika sehemu ya pili ambamo sajenti analalamika jinsi ilivyo vigumu kumkamata mhalifu ambaye, akiwa hayupo kazini, anapenda mambo mema kama mtu mwingine yeyote. Wengine huuimba kwa sauti nzito na kusimama wima. Azito anauimba mwili mzima ukimkatalia, kana kwamba kila kiungo kimejiunga na chama chake cha wafanyakazi na kimegoma.

Mwaka 1981 Azito alikuwa katika orodha ya wanaowania Tony, pamoja na Ronstadt, Rose na Daniele. Kline na Leach walishinda, Azito hakushinda. Sherehe ilifanyika tarehe 7 Juni 1981. Siku mbili kabla, tarehe 5 Juni, kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi kilikuwa kimechapisha taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa ambao baadaye ulipewa jina la UKIMWI. Hakuna aliyekuwa ukumbini usiku ule mwenye sababu ya kuisoma.

Sisi Waafrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa ugonjwa huo ulivyofagia nyumba. Katika Broadway ulifagia safu nzima za wacheza dansi. Ulimchukua Michael Bennett, aliyeitunga A Chorus Line, mwaka 1987, akiwa na miaka 44. Uliwachukua watunzi wa dansi, washonaji wa mavazi, waimbaji wa kiitikio ambao majina yao yako katika vijitabu vya maonyesho tu. Mwaka huo huo wa 1987 chama cha waigizaji kiliunda mfuko wa kuwasaidia wagonjwa, nao baadaye ukaungana na mwingine kuwa Broadway Cares/Equity Fights AIDS, unaokusanya fedha hadi leo. Lakini mfuko hauwezi kumrudisha mtu aliyejua jinsi ya kuigeuza mikono yake ifike baada ya mwili. Ujuzi wa namna ile haukuandikwa popote. Ulikuwa ndani ya Azito, na sasa uko katika mkanda.

Msomaji makini atasema: lakini ipo filamu. Ni kweli. Leach mwenyewe aliiongoza, ikapigwa katika studio za Shepperton nchini Uingereza na kutolewa Februari 1983, karibu waigizaji wote wakiwa wale wale. Rose yumo. Azito yumo. Rangi zake zinang'aa na kila neno linasikika. Bahati yake ilikuwa mbaya: kampuni iliyoitoa iliamua kuionyesha siku moja katika sinema na katika televisheni za kulipia, wenye majumba ya sinema wakakasirika, wengi wakaigomea, na mapato yake huko hayakufikisha hata dola milioni moja. Leo inapatikana kirahisi kuliko mkanda.

Nimeitazama filamu hiyo kwa furaha na bado naiweka nyuma ya mkanda. Studio ni mahali ambapo kosa linafutwa. Mwigizaji anarudia mpaka mwongozaji aridhike, na kicheko hakipo, kwa sababu hakuna wa kucheka. Mchekeshaji wa jukwaani hufanya kazi na watazamaji wake. Hungoja kicheko kifike kileleni na kianze kushuka, halafu ndipo huingiza neno linalofuata. Ukimwondolea kicheko, anabaki akingoja kitu kisichokuja, au anakimbia kwa kuogopa ukimya. Katika mkanda wa Delacorte unawasikia watu. Ni watu waliopanga foleni, waliokula mikate yao kwenye nyasi, ambao wengine wao hawajawahi kuingia jumba la Broadway maishani kwa sababu bei haiwaruhusu. Wanacheka kama watu waliopewa zawadi. Azito anawasikia, na kila wakicheka anaongeza kidogo.

Kuna sababu nyingine, na hii haibishaniki: Patricia Routledge. Katika filamu yaya Ruth ni Angela Lansbury. Broadway alikuwa Estelle Parsons. Lakini Delacorte, majira yale tu, alikuwa Routledge, Mwingereza aliyekuwa tayari na Tony yake ya mwaka 1968 kwa Darling of the Day, onyesho lililofungwa upesi likaacha sifa zake peke yake. Hakwenda na maharamia Broadway. Hakwenda nao studio. Ruth wake aliishi kiangazi kimoja bustanini, na pasipo mkanda tungebaki na majina katika kijitabu.

Wengi wanamfahamu Routledge kwa Hyacinth, mama mwenye makuu wa vichekesho vya televisheni vya Keeping Up Appearances vya miaka ya 1990, anayejikweza na kuwatesa majirani kwa vikombe vya chai. Wanaomjua kwa hayo tu hushtuka wanapomsikia akiimba. Sauti yake ilikuwa imefunzwa sawasawa, nzito chini na angavu juu. Anaitumia bila kuionea haya hata pale anapochekesha, na huo ndio uzuri wenyewe: Ruth wake ni mwanamke wa makamo anayempenda kijana aliyemlea, jambo la kuchekesha na la aibu, lakini wimbo unaimbwa kwa ukamilifu kana kwamba yumo katika opera kubwa. Lansbury ni mwerevu na anapendeza. Routledge anaumiza kidogo, na kwa hiyo anachekesha zaidi. Lansbury alifariki Oktoba 2022, Routledge Oktoba 2025, wote wawili wakiwa na miaka 96.

Kwa nini basi kumbukumbu za namna hii ni adimu hivyo, katika jiji lenye kamera nyingi kuliko mahali pengi duniani? Sababu ni fedha na hofu. Vyama vya waigizaji na wanamuziki vinadai, na ni haki yao, kwamba anayerekodi kazi ya mtu amlipe. Watayarishaji wanaogopa kwamba mtu akiweza kuona onyesho nyumbani hatanunua tiketi. Kati ya madai na hofu, maonyesho maelfu yalipita bila kubakiza chochote isipokuwa picha chache, sahani ya santuri na vipande vilivyoibwa na mashabiki walioficha kamera ndani ya makoti.

Mwaka 1970 mwanamke mmoja, Betty Corwin, alikwenda katika maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York, iliyoko Lincoln Center, akashauri maonyesho yarekodiwe kwa ajili ya kuhifadhiwa. Alijitolea, bila mshahara mwanzoni. Kisha akaanza kubisha hodi katika vyama, kimoja baada ya kingine, akiahidi kwamba kanda hazitauzwa, hazitanakiliwa, hazitatoka ndani ya maktaba. Mkusanyiko aliouanzisha sasa una maelfu ya rekodi, na masharti yake yako vilevile: unaomba, unaeleza unafanya utafiti gani, unakaa mbele ya kioo ndani ya jengo, unatazama, unaondoka mikono mitupu. Corwin alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98. Namheshimu sana, na hata hivyo masharti yale yananikera. Mwanafunzi wa maigizo aliyeko Bagamoyo au Kampala atahitaji viza ya Marekani ili azione kanda hizo. Mkanda wa maharamia umetofautiana na nduguze kwa sababu ulitoka: ulikaa karibu miaka 20 bila kuonekana na wengi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukatolewa katika diski, ukafika mikononi mwa watu.

Linda Ronstadt yu hai ninapoandika sura hii, lakini hawezi kuimba. Mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba ugonjwa umemnyang'anya sauti. Kwanza ulidhaniwa kuwa Parkinson, baadaye madaktari wakasema ni mwingine unaofanana nao. Tunapowakumbuka marehemu ni rahisi kumsahau mtu kama yeye, ambaye anaweza kukaa sebuleni na kumtazama msichana wa miaka 34 mwenye jina lake akifanya jambo ambalo yeye halifanyi tena. Simwonei huruma, maana hajawahi kuiomba. Naona tu kwamba mkanda una kazi hata kwa walio hai.

Delacorte yenyewe ilizeeka. Ilifungwa ikafanyiwa ukarabati wa takribani dola milioni 85, na sehemu ya mbao zilizoipamba upya zilitoka katika matangi ya zamani ya maji yaliyokuwa juu ya mapaa ya jiji. Ilipofunguliwa Agosti 2025, onyesho lilikuwa Twelfth Night, chini ya uongozi wa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Viola alikuwa Lupita Nyong'o, na pacha wake Sebastian alikuwa Junior Nyong'o, mdogo wake wa damu. Tamthilia hiyo inahusu ndugu wawili waliotenganishwa na ajali ya meli, kila mmoja akiamini mwenzake amekufa maji. Saheem Ali aliwafanya ndugu hao wawili wawe na lugha yao wenyewe, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Watu wa New York walikaa chini ya anga ile ile, bure kama alivyotaka Papp, wakasikiliza Kiswahili kutoka katika jukwaa la Azito na Routledge. Safari hii kamera hazikuwa za kubahatisha. Onyesho lilirekodiwa vizuri na kurushwa na televisheni ya umma ya Marekani, PBS, Novemba mwaka huo huo.

Ukibahatika kuupata mkanda wa 1980, usianze na filamu. Vumilia picha mbovu za sehemu ya kwanza, mngoje Routledge, msikilize Rose, halafu ufike kwa polisi katika sehemu ya pili na uongeze sauti ili uwasikie watazamaji. Na kama wewe ni mtu wa jukwaa, popote ulipo, muulize mwenye ukumbi wenu leo rekodi ziko wapi, ziko katika chombo gani, na ni nani mwenye ufunguo wa kabati.